Sarafu Saba, Mkwaruzo Mmoja

Miaka ishirini na sita mwanamke huyu amejaza vinywa vya watu asiowajua hata kwa sura. Ni fundi wa meno bandia; mtaani wanamwita Mama Meno. Daktari huchukua kipimo, yeye husubu: nta, plasta, tanuri, madini ya kuyeyushwa na kumiminwa, kisha tupa. Kazi alifundishwa na marehemu baba yake kwenye meza ile ile, kwa makofi ya kisogoni na sifa moja kwa mwaka.

Jumatatu asubuhi kaka yake mkubwa aliingia karakana na leso iliyofungwa fundo, kifua mbele utadhani amechaguliwa mbunge.

"Mdogo wangu, zitazame kidogo. Kesho nazipeleka makumbusho. Wataandika jina la baba ukutani!"

Zilikuwa sarafu saba za fedha za Kirumi. Kila mtoto wa nyumba ile alipewa moja na baba siku aliyoondoka kwenda kujitegemea. Kaka alikuwa amewazungukia ndugu wote mwezi mzima, akazikusanya, akazichanganya kwenye leso. Ya Mama Meno ilikaa kwenye pamba miaka yote bila kupitishiwa lenzi. Nani humkagua baba yake?

"Nizitazame nini? Nimekuwa Mrumi lini?"

"Wameuliza kama ni halisi. Wewe unajua madini. Sema ndiyo, niende zangu."

Mama Meno akavaa lenzi, akainama.

Ukingoni ulizunguka mstari mwembamba, ule unaobaki pale nusu mbili za kalibu ya kumiminia madini zinapokutana. Sarafu ya namna hii Mrumi aliigonga kwa nyundo. Mshono umetoka wapi? Herufi zilikuwa butu kama sabuni iliyotumika. Shavuni mwa mfalme palikuwa na vishimo vya vipovu, vipovu anavyovijua kuliko wajomba zake.

Ya pili, vivyo hivyo. Na chini ya sikio, mkwaruzo uliopinda kama ndoana. Ya tatu, mkwaruzo ule ule. Ya nne, ule ule! Sarafu zinaweza kufanana uso, lakini si jeraha.

Ya tano peke yake ilikuwa na mkwaruzo wenye kingo kali, na ukingo uliopasuka kwa pigo la nyundo. Hiyo ndiyo halisi, mama yao wote.

Alipogeuza ya sita, kisha ya saba, akaona alama za tupa: mipito mitatu ya mshazari, mmoja wa kukatiza. Ndivyo anavyomaliza kila jino mpaka leo. Ndivyo alivyofundishwa.

"Kaka," alisema, "sita kati ya hizi amezisubu baba."

"Baba yupi?"

"Tunao wangapi?"

Kaka akakaa juu ya gunia la plasta bila kutazama. Macho yalimtoka. "Baba yetu? Aliyenichapa kwa sababu ya penseli ya kuokota?"

Mama yao, aliyekuwa chumba cha pili akikunja nguo, akachungulia mlangoni na shuka mkononi.

"Alipewa moja na mzee mmoja aliyemtengenezea meno," alisema, bila hata kupepesa jicho. "Moja, na nyinyi saba, tena nyinyi mnaogombania hata kijiko! Mimi ndiye niliyeyeyusha nta."

"Mama!" wakapiga kelele wote wawili.

"Mama nini? Mlipigana?"

Hawakuwa wamepigana. Kaka akajifuta kijasho, akatoa simu, akawaambia wa makumbusho kwamba mama amebadili mawazo.

"Usinisingizie," mama akadakia. "Waambie ni baba yenu."

Simu ilipokatwa, kaka akazipanga sarafu mezani. Sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

"Halisi ni ipi?"

"Usimwambie!" mama akafoka.

"Inawezekana ilikuwa yangu. Mimi ndiye mkubwa."

Basi, hata dakika tano hazijaisha! Mama Meno alimtazama mtu huyu, mwenye mvi na wajukuu, akaona kijiko kinagombaniwa upya. Akavua lenzi, akaifungia kabatini.

"Chagua moja, Kaka. Nyingine nitawarudishia wenzako mwenyewe."

Kaka akaanza kupitisha kidole juu ya sarafu, polepole, moja baada ya moja, jicho lake likitafuta dalili usoni mwa dada. Mama Meno akageuza kichwa, akalikodolea macho pangaboi, na hakulishusha jicho mpaka aliposikia sarafu imeingia mfukoni.