Sahani ya Shangazi

Nikiwa na miaka kumi nilikuwa mwizi wa futari, na niseme mapema kwamba sikuionja hata tonge moja. Ilikuwa Ujiji, miaka ile ya wakimbizi, Ramadhani iliyoangukia msimu wa mvua. Kila jioni Mama alinituma nipeleke futari kwa shangazi yangu, mtaa wa pili, ambaye kwa kweli hakuhitaji chakula cha mtu. Alikuwa na jokofu, mume mwenye mitumbwi miwili, na masufuria ya kutosha kulisha msikiti mzima. Lakini ndiyo desturi yetu: sahani inakwenda imefunikwa kawa, na inarudi na kitu ndani, tende au kaimati mbili tatu.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na pagala, kuta bila plasta na mabati yaliyoezekwa nusu. Humo walijificha mume na mke kutoka Burundi pamoja na mtoto wao wa miaka miwili. Walikuwa wametoroka kambini kwa sababu mtoto wao mwingine alifia huko kwa kuhara, na huyu aliyebaki naye alikuwa ameanza. Walitaka apone kwanza. Hayo waliyajua majirani wote, na wote walijifanya hawayajui, kwani mjumbe wa nyumba kumi alishapita akitangaza kwamba mgeni asiye na kibali arudishwe kambini, na atakayemsaidia kujificha atajibu. Mama alinishika sikio palepale.

"Huko pagalani usikanyage. Umenisikia?"

Nilimsikia. Ila siku moja nilimfukuza kuku wetu hadi huko, nikamkuta yule mama amempakata mtoto, shingo ya mtoto imelegea, midomo imekauka. Mama yule alijiwekea kidole mdomoni kunisihi ninyamaze. Nilirudi nyumbani nina hasira ambayo sikujua nimkasirikie nani, nikaamua kumkasirikia shangazi na jokofu lake.

Jioni hiyo sikwenda kwake. Nilizunguka nyuma ya ua, nikaingia pagalani na sahani ya viazi vitamu na maharage na kikombe cha uji. Yule mama alimlambisha mtoto uji kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, na uji ukakaa tumboni. Baba yake alitazama tu. Halafu akaniambia, "Urakoze, mwana wanje," yaani asante, mwanangu. Kirundi na Kiha chetu vinasikilizana, sikuhitaji mkalimani.

Nilirudi nikijiona mjanja wa mji, mpaka Mama alipofunua kawa. Mama alikuwa na macho ya forodha, hakuna kilichompita.

"Kha! Leo shangazi yako hana hata kokwa ya tende?"

Nikasema zimekwisha. Usiku kucha niliwaza: kesho nitasema nini? Kwa hiyo kesho yake, nikiwa pagalani, nilimwambia yule mama kwa sauti ya mtu mzima, kama nilivyowasikia wakubwa wakisema, kwamba kwetu sahani hairudi tupu. Aweke chochote, hata kidogo. Aliinamisha kichwa. Akamtazama mumewe, mumewe akatazama ukuta. Kisha akafungua kitambaa akatoa pilipili tano, akazipanga kwenye sahani kwa uangalifu mkubwa. Nilifurahi sana. Mpaka leo nikikumbuka nilivyofurahi natamani ardhi inimeze.

Siku zilizofuata sahani ilirudi na ndimu, mara fungu la matembele, mara ndizi moja mbivu. Mama alipokea bila neno, nami nikashangaa kidogo kwamba mtu mwenye macho ya forodha haoni ajabu shangazi tajiri kuleta matembele. Nilichojua ni kwamba mtoto alianza kukaa mwenyewe, akanicheka siku moja nilipomtolea ulimi. Sikuuliza hivyo vitu vinatoka wapi. Walipoishiwa, yule baba, ambaye tangu waje hakuwahi kutoka mchana, alianza kupanda kijiji cha Simbo kulimia watu, akilipwa viazi na matunda.

Siku ya kumi, au ya kumi na moja, nilimkuta mke peke yake. Mumewe alikamatwa jana yake njiani, akitoka Simbo na kifurushi cha viazi. Amesharudishwa kambini. Yeye alikuwa amekwisha kunja mkeka. Kesho asubuhi angejipeleka mwenyewe kwa askari, wampakie kwenye gari, maana mtoto hawezi kukaa bila baba. Mtoto alikuwa bado hajapona. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Nilitaka kumwambia ukweli wa ile sahani, sikusema. Niliogopa. Sikuwa na sababu nyingine, na sitaitafuta leo.

Kesho yake nilitoka shule nikapitia pagalani, nikakuta majivu matupu. Nilifika nyumbani nalia. Mama alikuwa anamenya mihogo ya futari.

"Wameondoka?" akauliza.

Nikamkodolea macho.

"We mtoto, ulidhani sijui? Shangazi yako alikuja siku ya pili asubuhi kuuliza mbona futari yake haikufika. Nikamwambia anyamaze. Mjumbe akiniuliza, naapa sijatuma mtu. Lakini wewe ningekuzuiaje?" Akaendelea kumenya. "Yule mama ana heshima zake. Hana kitu, na kila siku anaturudishia sahani na chochote. Nilitaka kumtumia salamu aache, nikaona nitamvunjia heshima."

Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemwagiza.

"Ulimwagiza nini?"

Nikarudia maneno yangu, neno kwa neno, na nikamwambia mumewe alikuwa anatoka kutafuta nini alipokamatwa. Kisu kikasimama. Mama hakunipiga, hakunigombeza. Nikamwuliza, je, nikikimbia sasa hivi hadi kwa askari, nimwambie yule mama kwamba haikuwa lazima?

"Gari limeondoka tangu saa nne," akasema.