Wembe wa Yeyo

Pale Malambo hakuna aliyethubutu kugusa wembe wa mama yake Kisioki, “yeyo” kwa Kimaasai. Watoto wote wa boma walinyolewa naye. Alikulowesha kichwa kwa maji na maziwa, akakubana sikio kwa vidole viwili, akanyoa bila neno, na ukijitikisa alikupiga konzi. Nywele ndefu za umorani za Kisioki, nyekundu kwa udongo, hizo alizisubiri kwa miaka, kwa maana siku ya kumaliza umorani mama ndiye humnyoa mwanawe.

Zikiwa zimebaki siku tatu, Kisioki akarudi kutoka Karatu na kichwa kitupu.

“Kinyozi, yeyo. Kazi ya ulinzi hotelini, walitaka...”

“Nywele zangu ziko wapi?”

“Alizifagia.”

“Kaa chini!”

Kisioki akaketi kwenye ngozi. Mama, mishipa ya shingo imemsimama, akachanganya maji na maziwa, akambana sikio mpaka likawaka moto, akapitisha wembe pasipokuwa na unywele hata mmoja, kutoka paji hadi kisogoni, mistari yote, bila kuruka. Kisioki hakuthubutu kujitikisa. Alipomaliza, akaufuta wembe uliokuwa safi.

“Wakikuuliza,” alisema, “umenyolewa na mama yako.”