Togwa ya Mkubwa

Juzi kwenye runinga ya mjukuu wangu niliona walinzi wakimlalia kiongozi mmoja, risasi imemkosa. Mara nikasikia harufu ya togwa ya mama.

Alasiri moja ya utotoni, kijijini kwetu Kitandililo, tulikuwa tunamsubiri mkubwa wa nchi, ukungu umeshuka mpaka kwenye miti ya miwati. Mlinzi wake alitangulia. Akachota kikombe kimoja cha togwa ambayo mama alimpikia mkubwa, akaninyooshea mimi.

“Acha nionje mimi, baba,” mama akasema.

“Mtoto anatosha.”

Nikanywa yote, najiona nimependelewa. Watu wakanitazama mdomo. Mama akapiga magoti mbele yangu.

“Yule nani?”

“Mama Falesi.”

“Na yule?”

“Mzee Mwalongo. Na Obadia. Na Sifaeli.”

“Endelea, mwanangu. Usinyamaze.”

Nilidhani ananipima akili, nikawataja kwa mbwembwe. Kumbe mkubwa yule alikwisha kutiliwa sumu safari nyingine akapona, na mama alikuwa anasikiliza kama ulimi wangu unakuwa mzito.

Mlinzi akatazama saa, akasema togwa ni salama. Magari ya mkubwa yakapita bila kusimama, vumbi likatua, na mama bado ananiuliza, “Na yule? Yule pale nani?”