Fedha Iliyokaa Edani

Hatibu, fundi cherehani wa Ngokolo, hakuwa mtu wa kuficha kitu, ila fedha. Ile aliyoijua mkewe Chausiku aliikopesha serikali kwa hati ya hazina ya miezi mitatu. Ile asiyoijua aliiweka kwa Mwaisha, mtunza mfuko wa wachuuzi wa sokoni.

"Faida yake ndogo," Mwaisha alimwambia, "lakini ukiitaka leo, leo unaipata."

Basi ikaja habari kwamba shimo la dhahabu kule Geita limemfukia mwanawe Nassibu na kumvunja mguu. Hati ilikuwa bado haijaiva, fedha yake haitoki kabla ya muda. Hatibu akakimbilia kwa Mwaisha, akamkuta dada wa Mwaisha mlangoni.

"Mwaisha kafiwa na mumewe juzi, Baba Nassibu. Yuko edani, haonani na wanaume miezi minne na siku kumi. Au umekuja kuposa mapema?"

"Nataka fedha yangu tu, dada."

"Fedha humkabidhi mwenyewe au mkewe, ana kwa ana. Mtume mkeo."

Hatibu akarudi akijikokota. Chausiku alikuwa akifunga mzigo wa safari huku analia.

"Mama Nassibu, kwa Mwaisha kuna fedha yangu."

"Tangu lini?"

"Kabla mtoto hajaenda Geita."

Chausiku akaacha kulia. "Alipotuomba mtaji wa genge, ukamwambia hatuna?"

Chausiku akajitanda kanga, akaenda kuichukua ile fedha, na Geita akaenda peke yake.