Risasi Iliyobaki kwenye Mtutu wa Arbie

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelalia mabonde ya Kentucky, na Delmas Stidham ameinamia bunduki ya fataki juu ya meza yake ya kazi. Anatumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mtutuni taratibu. Unashuka, unashuka, kisha unagoma.

Anautia alama kwa ukucha, anauchomoa, anaupima kwa nje. Umepungukiwa upana wa vidole vitatu kufika chini.

"Dada Orlena, hii ulikuwa umeitundika wapi?"

"Juu ya meko. Kwani nini?"

"Wajukuu huichezea?"

"Krismasi walilengana nayo."

"Imeshiba, dada."

Hula kwa mdomo, hutapika kwa mdomo huohuo. Ukiulizwa, jibu ni bunduki hii. Baruti humiminwa kinywani, risasi ikafuata imevikwa kitambaa cha mafuta, mdeki ukavisukuma hadi chini. Nyundo ikigonga fataki, hutapika.

Aliyeiunda, zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, alichonga kitako kwa mti ambao utomvu wake hupikwa ukawa sukari. Ukikigeuzageuza mwangani, michirizi yake hucheza kama maji ya kijito.

Delmas, mwenye miaka 68, alirithi ufundi kwa mjomba wake. Bunduki hazimlishi, mkate wake wa mahindi hutoka kwenye kunoa misumeno.

Orlena Combs, mjane anayemzidi miaka minane, ameileta itengenezwe kwa shindano la Novemba, watu wa bonde wanapolenga ubao kugombea nyama ya ng'ombe: bingwa huchukua paja la nyuma, wa mwisho kwenye zawadi huambulia ngozi na mafuta. Marehemu mumewe, Arbie, hakukosa hata mwaka mmoja.

"Basi hiyo ni risasi yake," anasema, akivuta kiti. "Aliishindilia vuli ile alipougua. Usiitoe, Delmas. Niipige mimi."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani au hutaki?"

"Baruti hula chuma. Sijui mtutu umebaki mnene kiasi gani huko chini. Ukikupasukia, nitakuzika kando ya Arbie, naye atanilaumu."

"Arbie alimlaumu kila mtu."

Delmas anaweka mikono magotini, anasubiri. Bunduki si yake, na risasi si yake. Orlena analitazama dirisha zima la ukungu, mwishowe anatikisa kichwa kukubali.

Fundi anadondosha maji kwenye tundu la fataki mpaka baruti ilowe. Anafunga skrubu kwenye ncha ya mdeki, anaizungusha mpaka ing'ate, anavuta. Risasi inatoka na kitambaa chake, chenye mistari ya buluu.

Orlena anakikunjua. "Hii ni foronya ya mto wangu. Nilimchapa mbwa kwa ufagio nikidhani ndiye aliyeirarua."

"Mbwa yupi?"

"Naye marehemu."

Wanacheka mpaka Delmas anafuta macho. Kisha anaigeuza risasi kiganjani. Ina tundu la skrubu.

"Risasi haizeeki, dada. Kalibu yake unayo?"

"Iko kwenye droo ya vijiko."

"Ilete. Nikiusafisha mtutu nikauona mzima, tutaiyeyusha hii hii, tuimimine upya. Utaipiga mwenyewe."

"Na ukiuona mbovu?"

"Nitaimimina kwa kalibu yangu, uipige kwa bunduki yangu."

Orlena anakunja kile kitambaa, anakitia mfukoni mwa aproni.

"Arbie aliniletea ngozi na mafuta tu, kila mwaka," anasema, akiinuka. "Mimi nataka paja la nyuma."