Salamu za Mtu wa Sinema

Kila Siku ya Mungu baada ya misa, tulifunika madirisha ya ukumbi wa parokia kwa mablanketi, na mtu wa sinema akapuliza vumbi lililoshika jicho la mashine yake. Alifuta vidole kwenye suruali mara tatu, kama padri anayekwenda kushika hostia. Filamu, zilizoangazwa ukutani, zilikuwa fupi, hazina sauti. Sauti ilikuwa yake, nzito, ikituelezea kila kitu kwa Kiswahili chetu cha Elisabethville. Ila mzungu na bibi yake walipoanza kusogezeana midomo, aliziba jicho la mashine kwa kiganja, kama mapadri walivyomwagiza. Ukuta uliingia giza, vidole vyake vikawaka rangi ya makaa, naye akasema: "Banasalimiana tu." Miaka mingi tulisadiki.

Pasaka moja, Victorine, mjane aliyefua vitambaa vya altare, aliinuka kutoka benchi ya mbele, akamgeukia mtu wa sinema aliyekuwa ameziba jicho tena.

"Na miye, baba, utanisalimia siku gani?"

Hakuna aliyecheka. Kiganja kilishuka chenyewe. Busu zima likajaa ukutani, la kwanza machoni petu, wala hatukuliona: sote tulikuwa tumegeuka kumtazama yeye, aliyetuelezea kila kitu, sasa akifuta vidole kwenye suruali mara tatu.