Kisahani Kilichonyamaza

Ishbel Mair alianza kumshuku mkwewe siku alipoikuta sufuria yake kubwa imehamishwa kutoka chini ya sinki na kupandishwa juu ya kabati, mahali ambapo mkono wake haukufika. Rhona alimweleza kwamba alitaka kumwepusha na kuinama. Ishbel aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni akasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Nyumba ilikuwa yake. Hapo Portsoy, bandari ndogo ya wavuvi huko Uskoti, ndipo alipozaliwa, akaolewa na mvuvi, akamzika, kisha akamlea mwanawe Dod kwa ujira wa kupasua samaki bandarini, vidole vimefungwa vitambaa ili kisu kisimle. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza kwenye barafu mlangoni pake, na tangu hapo Dod na mkewe Rhona wakahamia kwake. Na tangu walipohamia, Ishbel aliona mambo. Akiingia chumbani, mazungumzo yanafifia. Akigeuka ghafla, anaiona midomo ikicheza bila sauti.

Juzi, kabla Dod hajaondoka kwenda kuvua, Ishbel alisimama nyuma ya mlango wa jikoni akanasa maneno machache tu. "Sababu zimetosha," alisema Rhona. Kisha Dod akajibu jambo lililoishia na "tumpeleke Elgin."

Elgin! Huko ndiko kulikokuwa na nyumba ya wazee alikopelekwa shoga yake Netta. Netta hakurudi hata kumchukua paka wake.

Leo ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Dod, na mashua ilitarajiwa alasiri. Kila mwaka siku hiyo Ishbel humpikia pudingi ya kitambaa, ile inayochemshwa ikiwa imefungwa ndani ya nguo. Ikitoka vizuri, nani atathubutu kusema mama amekwisha? Ikiharibika, watakuwa wamepata sababu nyingine ya kumtoa nyumbani kwake.

Alichanganya unga, shahamu ya ng'ombe iliyokunwa, sukari, zabibu kavu, mdalasini, asali nyeusi ya miwa na maziwa, huku akimtazama Rhona kwa pembe ya jicho. Akakitumbukiza kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakitandaza na kukinyunyizia unga, maana unga huo ndio unaoipa pudingi ngozi yake.

"Mama, nikusaidie kufunga?" Rhona aliuliza, sauti juu.

"Usinipigie kelele. Mwaka jana ulifunga wewe, tukala jiwe."

"Mwaka jana nilikufungia kamba za viatu, Mama. Pudingi hukuniachia hata niinuse."

Ishbel alifunga mwenyewe, akaacha nafasi ya kuumuka. Rhona alipomteremshia sufuria, aliweka kisahani kifudifudi chini kabisa ndani yake, kisha pudingi juu yake, isiungue. Lakini kisahani kilikuwa na kazi ya pili. Maji yakitokota, kinagonga chuma: ko, ko, ko. Mama yake alimfundisha asitazame saa, asikilize kisahani. Kikinyamaza, maji yamepoa, yanaingia kitambaani, na pudingi inageuka uji.

Akaketi karibu na moto sebuleni, akashika sindano zake za kufumia. Rhona alipita kuingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Ishbel akatega sikio. Kimya.

Akainuka kwa kasi iliyomshangaza hata yeye.

"Umepunguza moto!"

"Sijaugusa, Mama."

"Umeugusa! Unataka iharibike, Dod akija aone mama yake hawezi tena hata kuchemsha maji. Halafu safari ya Elgin. Unadhani sijui?"

Rhona alibaki na kijiko mkononi. Alimtazama mama mkwe, akaitazama sufuria.

"Mama, kisahani kinagonga."

"Usinifanye mtoto mchanga."

"Kinagonga mpaka majirani wanaweza kukichezea ngoma. Lete mkono."

Ishbel alitaka kuuficha mkono nyuma, lakini Rhona alikwisha kuukamata. Akauweka taratibu juu ya mpini wa sufuria, taulo katikati. Mpini ulikuwa unatetemeka. Ko, ko, ko, vidoleni mwake, wala si masikioni. Ishbel akainama mpaka mvuke ukamchoma shavu. Ndipo akakisikia, mbali sana, kama kitu kinachogonga chini ya kisima.

Akajifuta mvuke shavuni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla hatujahamia, nadhani. Elgin kuna daktari wa masikio, Mama. Tulitaka kukuambia leo, ukishashiba. Ukiwa na njaa huambiliki."

"Na zile sababu zilizotosha? Nilikusikia kwa masikio yangu mwenyewe."

"Masikio yapi?" Rhona akakunja uso, akafikiri, kisha akaangua kicheko hadi akashika meza. "Zabibu, Mama! Nilimuuliza Dod kama zabibu zimetosha, maana alikuwa anazidokoa mfukoni!"

Ishbel hakucheka. Alikwenda kabatini akautoa mfuko wa zabibu, akaukagua mbele ya dirisha. Kona moja ilikuwa imechanwa kwa meno, vilevile kama Dod alivyochana kila mfuko tangu utotoni. Akaurudisha mahali pake.

Dod alipoingia, ananuka chumvi na samaki, pudingi ilikuwa imekwisha kuchovywa katika maji baridi na kuvuliwa kitambaa, inakauka mbele ya moto. Ngozi yake iling'aa kama kiatu cha Jumapili. Ishbel aliikata mwenyewe, akampa mwanawe kipande cha kwanza, na cha pili, baada ya kusita kidogo, akampa Rhona.

"Nitakwenda Elgin," alisema.

Dod akamgeukia mkewe, mdomo umejaa. "Umemwambia?"

"Kisahani ndicho kilichomwambia."

"Nitakwenda," Ishbel alirudia, akiwaelekezea kisu mmoja baada ya mwingine. "Lakini tiketi yangu ya kurudi nitaishika mwenyewe kabla sijapanda basi. Na sufuria yangu irudi chini ya sinki."